Barua ya Malalamiko kwa Kiingereza, Kutoka Shari Hadi Kampala

Neno kuu la barua ya malalamiko kwa Kiingereza ni “complaint”, nalo si geni kabisa Bunia, mkoani Ituri, Kongo. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa zamani, na ndugu yake ni “plainte”, neno ambalo mkazi wa Shari mjini humo hulisikia kwa shefu, kwa polisi na mahakamani. Yote mawili yametokana na Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kujipigapiga kifua kwa huzuni, kama wafanyavyo watu msibani. Kwa hiyo mtu wa Ituri aliyesoma Kifaransa huifikia barua ya Kiingereza akiwa na mtaji mkononi. Mtaji huo ndio pia unaomponza, kwa sababu maneno mengi ya lugha hizo mbili yanafanana sura huku maana zake zikiwa mbali.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Kiingereza hakimo, lakini kinaingia na mizigo. Bidhaa nyingi za Bunia hutoka Uganda, ama kwa barabara kupitia Goli na Mahagi, ama kwa boti kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, na risiti zake, hati za kupokelea mizigo na vyeti vya dhamana vimeandikwa kwa Kiingereza. Kinaingia pia na mashirika ya misaada ambayo ofisi zake kuu ziko Ulaya au Marekani. Tangu mwaka 2022, Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkataba wa jumuiya hiyo wa mwaka 1999 uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi zake. Mwenye kudai haki yake huko hana budi kujua Kiingereza cha kudai.

Kiswahili husema lalamiko, dai, manung’uniko na rufaa, na kila neno lina mahali pake. Kiingereza nacho kina ngazi zake. “Complaint” ni kueleza kwamba jambo halikwenda sawa, hata kama mlalamikaji hataki kulipwa chochote. “Claim” ni dai lenye haki nyuma yake: fedha, mali au fidia. “Grievance” ni kero inayomwelemea mtu au jamii kwa muda, kama mashamba yaliyokatwa na barabara mpya, au mishahara isiyolipwa sawasawa. “Appeal” ni rufaa, yaani uamuzi umekwisha kutolewa na mtu haridhiki nao. Anayeandika “appeal” kabla ya kupewa jibu lolote humfanya karani atafute faili lisilokuwapo.

Tofauti ya kwanza inayoonekana kwa macho ni mpangilio. Barua rasmi ya Kongo hubeba juu kabisa orodha ya wakubwa waliopelekewa nakala, chini ya maneno “Transmis copie pour information à”. Kisha hufuata mstari wa “Concerne”, na barua yenyewe hufunguliwa kwa heshima nzito: “J’ai l’honneur de venir auprès de votre haute personnalité”. Heshima hiyo ni mila ya ofisi, na ni mila nzuri mahali pake. Hata hivyo haitokani na sheria, kwani kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake. Mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu, na mwandishi hawezi kushitakiwa kwa sababu ya kuandika. Kulalamika kwa maandishi si utovu wa adabu.

Barua ya Kiingereza huanzia moja kwa moja kwenye jambo. Mstari wa “RE:” hufanya kazi ya “Concerne”, au ya “YAH” katika barua za Tanzania, na baada yake sentensi ya kwanza hutosha kuwa “I am writing to complain about”, yaani naandika kulalamikia jambo fulani. Nakala hutajwa chini, baada ya sahihi, kwa herufi “c.c.” Kama jina la mpokeaji halijulikani, barua hufunguliwa kwa “Dear Sir or Madam” na kufungwa kwa “Yours faithfully”. Kama jina linajulikana, huandikwa kwenye ufunguzi na barua hufungwa kwa “Yours sincerely”. Kumwita meneja wa duka la Kampala “your high personality” hakumpi heshima yoyote, kwa maana Kiingereza hakina cheo hicho, na msomaji hubaki akijiuliza kama anatukuzwa au anadhihakiwa.

Mfano mmoja utaonyesha mengi. Chukua mfanyabiashara wa Shari aliyeagiza paneli sita za umeme wa jua kutoka Kampala. Zinafika zote sita, lakini mbili kioo chake kimepasuka. Anaandika barua akifikiri kwa Kifaransa. Oda yake anaiita “my command”, kwa sababu Kifaransa husema “commande”, na kule Kampala inasomeka kama amri yake. Neno sahihi ni “order”. Masikitiko yake anayaita “my deception”, kutoka “déception”. Hapo mambo yanaharibika hasa, kwa sababu “deception” ni udanganyifu, na mtu amekiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba yeye ndiye mdanganyifu. Alipaswa kuandika “I was very disappointed”.

Anaendelea kuandika “I ignore who packed the goods”, akimaanisha kwamba hajui nani aliyefunga mzigo. Kiingereza kinasema anampuuza aliyeufunga. Hasara yake anaiita “prejudice”, ambalo kwa Kiingereza ni chuki au dhana mbaya dhidi ya mtu. Alihitaji “loss” au “damage”. Barua nzima anaiita “reclamation”, neno ambalo Waingereza hulitumia kwa kazi kama ya kukausha kinamasi kipate kulimwa. Mwisho anatoa “a delay of ten days”. “Délai” ni muda aliopewa mtu kutimiza jambo, lakini “delay” ni ucheleweshaji, kwa hiyo amempa muuzaji ruhusa ya kuchelewa siku kumi. “Within ten days of the date of this letter” ingemaliza kazi.

Neno “demand” linastahili kutazamwa kidogo. Kwa Kifaransa “demander” ni kuomba tu, na mtoto humfanyia mama yake hivyo kila siku. “I demand” kwa Kiingereza ni kushurutisha, ni kauli ya mtu aliyekwisha kukata tamaa ya mazungumzo. Ngazi hupandwa hivi: barua ya kwanza husema “I would be grateful if you could”, ningeshukuru kama mngeweza, ya pili “I must ask you to”, sina budi kuwaomba, na pale tu barua mbili zilipopita bila jibu ndipo hutokea “I shall have no alternative but to”, sitakuwa na njia nyingine ila. Kauli hiyo ya mwisho hufuatwa na hatua ya kweli, kwa mfano kupeleka shauri mahakamani. Tishio lisilotekelezwa huinyima nguvu barua inayofuata.

Vitenzi vinaweza kuwa laini, lakini majina ya makosa yawe makali na sahihi. “Damaged” ni kitu kilichoharibika, mara nyingi njiani au kwa kugongwa. “Defective” au “faulty” ni kitu chenye kasoro tangu kiwandani. Kwa paneli za Shari tofauti hii inahusu fedha, kwa sababu kioo kilichopasuka njiani kinaweza kumwangukia msafirishaji, na paneli nzima isiyotoa umeme humwangukia muuzaji au kiwanda. Kama zingefika paneli tano badala ya sita, neno lingekuwa “short delivery”, mzigo uliopungua. Kama zingekuwa za ukubwa mwingine, “wrong item”. Kama bei kwenye ankara, ile ambayo Bunia huitwa “facture”, ingezidi bei ya makubaliano, basi “I was overcharged”. Penye neno sahihi, maelezo ya aya nzima huwa hayahitajiki tena. Namba ya risiti, tarehe ya kupokea mzigo na picha ya ufa wenyewe hutangulizwa kwa “Please find enclosed” kama ni karatasi ndani ya bahasha, au “attached” kama ni barua pepe.

Kisha mlalamikaji aseme anachotaka. “Refund” ni kurudishiwa fedha, “replacement” ni kupewa kitu kingine badala yake, “repair” ni kutengenezewa. “Credit note” ni karatasi inayoonyesha kwamba duka linadaiwa na mteja kiasi fulani, na kiasi hicho hutumika katika duka hilohilo. Kwa mtu anayepita mpaka mara moja kwa mwaka, karatasi hiyo haimsaidii sana. “Compensation” ni fidia ya hasara iliyofuata, mbali na bei ya kitu chenyewe.

Kwa mashirika na taasisi kubwa msamiati hubadilika. Mlalamikaji huitwa “complainant”, na mfumo wa kupokea kero mara nyingi huitwa “grievance redress mechanism”, ambamo “redress” ni kurekebisha kilichokosewa. Neno linaloumiza watu bure hapo ni “alleged”. Taasisi inapoandika “the alleged incident”, haisemi kwamba mlalamikaji ni mwongo. Inasema tukio limedaiwa na uchunguzi haujakamilika. Vilevile “unsubstantiated” mwishoni mwa uchunguzi ni kusema ushahidi haukutosha. Tuhuma inaweza kuwa ya kweli na bado ikaandikiwa neno hilo, na ndiyo sababu majina ya mashahidi na tarehe hutakiwa tangu barua ya kwanza.

Benki ya Dunia iliunda mwaka 1993 jopo la ukaguzi, “Inspection Panel”, lenye kupokea malalamiko ya watu walioathiriwa na miradi yake. Mwaka 2005 mashirika ya Wambuti na Mbilikimo wengine wa Kongo yaliliandikia kuhusu mageuzi ya misitu yaliyokuwa yakifadhiliwa na benki hiyo. Uzito wa barua ya namna hiyo unakaa katika neno “harm”, yaani madhara. Haitoshi kusema mradi ni mbaya. Inatakiwa kuonyeshwa kwamba watu wamepata au wanaelekea kupata madhara, na kwamba madhara hayo yametokana na benki kutofuata kanuni zake yenyewe. Uongozi wa benki hupewa siku 21 za kazi kutoa majibu, yanayoitwa “Management Response”. Ripoti ya jopo ilitoka mwaka 2007, nayo ilikubaliana na walalamikaji katika mambo mazito, likiwamo la kutotayarishwa mpango maalumu kwa ajili ya wenyeji hao wa msituni. Jopo hilo hupokea malalamiko kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwamo, lakini wazo la “harm” lazima liwemo, kwa lugha yoyote iwayo.

Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ina neno lake pia. Shauri la mwananchi dhidi ya nchi mwanachama huitwa “reference”. Muda wa kulipeleka ni miezi miwili tu tangu tendo lifanyike au lijulikane.

Majibu nayo yana lugha yake, na kuisoma ni kazi ngumu kuliko kuandika barua. Jibu la kwanza huwa “We acknowledge receipt of your letter”, tumepokea barua yako, ndugu wa “accusé de réception” ya Kifaransa. Haliahidi lolote. “We are looking into the matter” ni kwamba jambo linachunguzwa, na mlalamikaji mwerevu huuliza litachunguzwa hadi lini. Kati ya “we regret” na “we apologise” kuna umbali mkubwa. Anayeandika “regret” anasikitika kwamba jambo limetokea, kama jirani anavyotoa pole kwa moto ambao hakuuwasha. Anayeandika “apologise” anaomba radhi kwa jambo lililo lake. Makampuni huchagua kwa uangalifu, na msomaji naye aone neno gani limechaguliwa.

“An oversight on our part” ni kosa la kupitiwa, na ni kukiri. “Circumstances beyond our control” ni kinyume chake: barabara ilifungwa, mpaka ulifungwa, ziwa lilichafuka, na hakuna wa kulaumiwa. “We are unable to” ni hapana iliyovishwa vizuri. “As a gesture of goodwill” humaanisha kwamba fedha zinatolewa kwa hisani bila kukubali kosa, kwa hiyo mpokeaji hawezi kuzitumia baadaye kama ushahidi kwamba duka lilikiri. Na juu ya barua nyingine huonekana maneno “Without prejudice”, ambayo humshangaza aliyeambiwa kwamba “prejudice” ni chuki. Huku sheria imeshika maana ya zamani, na muuzaji anasema kwamba toleo lake la suluhu lisije likatumiwa dhidi yake mahakamani endapo suluhu haitapatikana.

Maneno ya kusomwa mara mbili kuliko yote ni “in full and final settlement”. Hutokea karibu na mstari wa sahihi, fedha zikiwa tayari mezani, na maana yake ni kwamba mpokeaji akitia sahihi amefunga madai yote yanayohusu jambo hilo. Mfanyabiashara wa Shari akirudishiwa bei ya paneli mbili kwa maneno hayo, na mwezi unaofuata ya tatu ikagoma kutoa umeme, atajibiwa kwamba alikwisha kumaliza. Kabla ya kutia sahihi, ana haki ya kuomba maneno machache yaongezwe: “in respect of the two damaged panels only”, kwa ajili ya paneli mbili zilizoharibika peke yake.