Tumtibu Mtu, Si Ugonjwa Peke Yake

Mara nyingi katika mikutano yetu tunasikia habari ya namna moja. Kituo cha afya kipo, barabara ipo, na bado mama amejifungulia nyumbani. Ukimwuliza sababu, hasemi habari ya pesa. Anasema, "Kule tunafokewa." Au, "Lugha ya yule nesi sikuielewa." Au, "Mama mkwe wangu aliachwa nje ya mlango." Wauguzi nao wana lao. Wanasema watu wa upande ule ni wakaidi, hawafundishiki.

Jambo hili si dogo. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, anaweza kufa katika muda wa saa chache. Na wanaoumia zaidi ni watu wa jamii ndogo: wafugaji wanaohamahama, wakimbizi, au kabila lenye watu wachache ambalo lugha yake haijulikani na mfanyakazi yeyote wa kituo.

Huduma inayojali mila ni nini?

Ni huduma ambayo mfanyakazi wa afya anajua dawa, na pia anataka kumjua mtu anayemtibu. Mnamo 1978, daktari Arthur Kleinman wa Marekani na wenzake waliandika maswali ambayo daktari afaa kumwuliza mgonjwa. Kwa maneno yetu ni kama haya: Wewe unafikiri ugonjwa huu umeletwa na nini? Kwa nini umeanza wakati huu? Unakusumbua vipi? Ungependa utibiwe namna gani? Unaogopa nini zaidi?

Maswali haya hayagharimu hata senti. Lakini mgonjwa akiulizwa hivyo, atasema yale ambayo angeyaficha. Atasema kama ameshakunywa dawa ya mitishamba, au kama nyumbani wanaamini amerogwa. Daktari akijua hayo, ataeleza matibabu kwa njia ambayo mgonjwa atakubali kuifuata.

Mfano kutoka milima ya Peru

Katika nchi ya Peru, Amerika ya Kusini, kuna mkoa wa milimani uitwao Ayacucho. Watu wengi huko ni Wakechua. Wana lugha yao, na wengi wao ni maskini. Katika wilaya ya Santillana vituo vya serikali vilikuwapo, ila akina mama hawakwenda. Mwaka 1999, katika kila akina mama 100 waliojifungua, ni 6 tu waliojifungulia kituoni.

Shirika moja la afya likakaa na akina mama, wakunga wa jadi na wafanyakazi wa vituo, likawauliza. Majibu yalikuwa wazi. Kituoni mama alilazwa chali kitandani, ilhali kwao mwanamke huzaa akiwa amechuchumaa, akishikilia kamba, na mume au jamaa akimshika kwa nyuma. Jamaa zake walizuiwa kuingia. Wafanyakazi walisema Kihispania, naye alijua Kikechua. Basi akaona afadhali abaki kwake.

Walibadilisha nini? Chumba cha kuzalia kiliwekwa kamba na benchi, ili mama azae akiwa wima kama alivyozoea. Jamaa na mkunga wa jadi waliruhusiwa kuingia. Kikechua kikatumika. Muuguzi alibaki palepale na ujuzi wake wote, tayari kama hatari ingetokea. Kufikia mwaka 2007, katika kila akina mama 100, 83 walijifungulia kituoni.

Tuone vizuri hapo, ndugu zangu. Hawakujenga hospitali kubwa. Waliuliza, wakasikiliza, wakabadilisha yale yaliyowezekana. Nchi ya Peru yenyewe ilitoa mwongozo wa kuzaa wima mwaka 2005. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2018, linasema mama aachiwe kuchagua namna atakavyokaa wakati wa kuzaa.

Je, kila mila ifuatwe?

La. Kuna mila za kusaidia, kuna zisizo na faida wala madhara, na kuna za kuumiza. Kumnyonyesha mtoto na kumpa mama mzazi uji wa moto na mapumziko ni mila njema. Kumpaka mtoto mchanga kinyesi cha ng'ombe kwenye kitovu kunaweza kumletea pepopunda. Kukeketa wasichana kunaumiza maisha yote, na sheria ya Kenya ya 2011 inakataza. Kuheshimu mila ya mtu ni kuanza kwa kumsikiliza. Ukisha kumsikiliza, naye atakusikiliza unapomwambia hili lina hatari.

Maarifa haya yako wapi?

Mengi yako maktabani, nasi hatuendi kuyatafuta. Tunadhani maktaba ni ya wanafunzi. Maktaba ni ya wote. Kule Garissa, tangu 1996, Huduma ya Maktaba za Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia ili wafugaji wasiachwe nyuma.

Kitabu cha kwanza cha kuuliza ni "Mahali Pasipo na Daktari". Mwandishi wake, David Werner, alifanya kazi na wanakijiji wa milima ya Mexico, akakitoa kwa Kihispania mwaka 1973. Kikafika Kiingereza 1977, na leo kipo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Kinaanza na tiba za nyumbani na imani za watu kabla ya kufika kwenye sindano na vidonge. Tena wenye kitabu wanaruhusu watu kunakili kurasa na picha zake, hata kuzibadilisha zifae mahali petu, mradi zisiuzwe kwa faida.

Lakini tahadhari: angalieni mwaka wa kuchapishwa. Matibabu hubadilika. Klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria hapa Kenya mpaka 1998, ikaachwa kwa sababu vijidudu viliizoea. Kitabu cha zamani kinaweza kukuelekeza kwenye dawa isiyofaa tena. Mambo ya dawa, waulizeni wa kituoni.

Kwenye intaneti pia kuna msaada. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani hutoa bure maelezo ya magonjwa kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Msishangae. Kule Marekani wako wakimbizi kutoka Kongo na nchi jirani wanaosema Kiswahili, na huko wao ndio jamii ndogo. Leo ni jirani yako asiyeeleweka kituoni, kesho ni mwanao ugenini.

Kikundi kifanye nini?

1. Chagueni watu wawili waende maktaba iliyo karibu, waulize vitabu vya afya vilivyopo na lugha zake. Kama havipo, andikeni barua ya kuomba.

2. Anzeni sanduku la vitabu la kikundi, na mmoja awe mtunzaji mwenye daftari.

3. Siku ya mkutano, anayejua kusoma asomee wengine ukurasa mmoja, kisha wenye lugha nyingine watafsiri kwa mdomo.

4. Andikeni mambo matatu yanayowafanya akina mama waogope kituo. Yapelekeni kwa kamati ya kituo kwa adabu, pamoja na mhudumu wa afya ya jamii.

Mkienda, msiende kama waombaji. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 56 kinataja jamii ndogo na zilizotengwa, kwamba zifikiwe na huduma za afya, na lugha na desturi zao zikuzwe. Tangu 2013 hospitali na zahanati nyingi ziko chini ya kaunti, kwa hiyo wa kuwauliza hawako mbali.

Maswali ya kujadili

- Katika kijiji chetu, ni akina nani wasioeleweka wakifika kituoni?
- Ni mila gani ya kwetu kituo kingeweza kuikubali bila hatari?
- Ni mila gani sisi wenyewe tunapaswa kuiacha?
- Nani ataenda maktabani, na lini?