Daftari la Polisi Limefunguliwa

Mvuvi atupaye wavu wake kila usiku upande ule ule wa ziwa, asubuhi atasema: «Samaki wote hukaa huku.» Je, asema kweli? Tuutazame mji wa Chicago, katika nchi ya Marekani.

Serikali ya mji ule imewafungulia watu wote daftari la makosa yaliyoandikwa na polisi tangu mwaka 2001. Kila mwenye intaneti aweza kusoma ni kosa gani, siku gani, saa ngapi, tena kama mtu alikamatwa. Mtaa hutajwa, lakini nyumba yenyewe hufichwa, ili waliopatwa na hasara wasijulikane.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago waliugawanya mji katika miraba ya metre 300 hivi kila upande, wakaitumia kompyuta kufuata mwendo wa makosa. Mwaka 2022 walitangaza kwamba hesabu yao yatabiri makosa juma moja mbele, nayo hupatia kwa kadiri ya 90 kwa 100. Lakini waliona na jambo jingine: makosa yalipozidi katika mitaa ya matajiri, watu wengi zaidi walikamatwa huko, na katika mitaa ya maskini waliokamatwa wakapungua.

Sasa twamrudia mvuvi wetu. Daftari halionyeshi makosa yote yaliyotendwa, bali yale yaliyoandikwa tu. Mwaka 2016 Kristian Lum na William Isaac walijaribu hesabu ya utabiri kwa maandishi ya polisi wa Oakland juu ya dawa za kulevya. Hesabu iliwaelekeza polisi hasa kwenye mitaa ya watu weusi na maskini, hali makisio mengine yalionyesha kwamba watumiaji wamo mjini kote. Polisi wakienda huko, wataandika zaidi. Wakiandika zaidi, hesabu itawatuma huko tena. Kwa sababu kama hizo mji wa Santa Cruz ulikataza utabiri huo mwaka 2020.

Hata hivyo tusiilaumu hesabu bure. Daftari lililofungwa husomwa na wakubwa peke yao, lililo wazi, hata mwana wa mtaa ule aweza kulichunguza na kuuliza: «Mbona polisi wako kwetu kila siku, na taa za njiani hatuzioni?»

Basi tujifunze kusoma hesabu, lakini tusisahau haki: kujua mahali penye hatari ni vema, bali kijana akaaye mahali hapo hana kosa mpaka atende kosa.