Nyumba nafuu huanzia kwenye ramani, si kwenye saruji

WAFANYABIASHARA wengi wadogo wa Kariakoo hawalali Kariakoo. Asubuhi huingia mjini kwa daladala kutoka Mbagala na Gongo la Mboto, au kwa pantoni kutoka Kigamboni hadi Magogoni. Faida ya dukani huigeuza matofali, wakijenga kidogo kidogo pembeni mwa jiji.

Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 ilipanua mlango wa mabenki, lakini asiye na hati ya kiwanja wala kumbukumbu za mapato bado hujenga kwa fedha za mfukoni. Kwa mtu wa namna hiyo, kila tofali lina uzito. Hata hivyo wengi huanza bila ramani: chumba kimoja leo, kingine mwakani, kila kimoja na kuta zake nne.

Hapo ndipo kazi za wanafunzi wa usanifu majengo zinapomhusu mwananchi wa kawaida. Katika Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, mwanafunzi hujifunza kupima, kuchora na kutetea mchoro wake mbele ya walimu. Swali la msingi katika nyumba ya gharama nafuu ni moja: namna ya kupata nafasi kubwa kwa ukuta mfupi.

Jibu mojawapo liko Kariakoo kwenyewe. Kabla ya maghorofa kutawala, eneo hilo lilijaa nyumba za Kiswahili, ambazo watafiti wa chuo hicho wamezichunguza. Katikati kuna korido, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko na choo. Chumba cha mbele kiliweza kuwa duka, vingine vikapangishwa.

Hesabu yake ni rahisi. Vyumba sita vya mita 3 kwa 3, vikijengwa kila kimoja peke yake, vinahitaji ukuta wa mita 72. Vikipangwa safu mbili za vitatu vitatu vinavyochangia kuta, vinahitaji mita 60. Kwa ukuta wa kimo cha mita 2.5, tofauti hiyo ni mita za mraba 30.

Kwa matofali ya kufungamana yenye urefu wa milimita 300 na kimo cha milimita 100, hayo ni matofali 1,000 yaliyookolewa kwa kalamu tu, kabla ya kutoa nafasi za milango na madirisha.

Matofali hayo yamekuwa yakihimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Hufyatuliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo, hayachomwi kwa kuni, na kwa kuwa hushikana yenyewe, hupunguza sana udongo wa kujengea. Lakini udongo lazima upimwe kwanza, na matofali yamwagiliwe maji kivulini kwa siku kadhaa.

Aidha, mchoro wa darasani si kibali cha ujenzi. Ghorofa lililoanguka Kariakoo Novemba 16, 2024 liliua watu zaidi ya 20. Unafuu usitafutwe kwenye nondo, wala kwa kumkwepa mhandisi. Hata nyumba ya chini huhitaji kibali cha halmashauri.

Hivyo basi, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, mjenzi achorewe nyumba nzima na mtaalamu aliyesajiliwa, kisha ajenge kwa awamu. Awamu ya kwanza iwe vyumba viwili vya mbele: kimoja cha kulala, kingine cha biashara. Ukuta wa nyuma wa vyumba hivyo utakuwa ukuta wa mbele wa vinavyofuata, na kipato cha duka kitasaidia kununua matofali ya awamu ya pili.