Robo ya kifungo

Katika boloko la Buluo, gereza la ulinzi mkali lililo nje ya mji wa Likasi, kama ilivyo kote Congo, mfungwa huhesabu robo. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu aliyehukumiwa kuachiliwa kwa masharti akishamaliza robo ya adhabu yake, mradi amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Wa maisha hungoja miaka 5 ipite. Wa miaka 8 huanza kuutazama mlango mwaka wa pili ukiisha.

Kuutazama tu, maana sheria inasema anaweza kuachiliwa, haisemi ataachiliwa.

Mwenye kutunza hesabu hizo ni karani wa gereza. Kwake, kila anayeingia ni hati na tarehe. Hati ya kwanza hutoka parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, na mtuhumiwa hutakiwa kufikishwa kwa jaji ndani ya siku 5. Jaji akiridhia, hutoa siku 15. Zikiisha, huongeza mwezi mmoja mmoja. Macho ya karani yako kwenye safu ya tarehe, si ya kosa: aliyeiba kuku na aliyeiba mamilioni, wote hati zao huisha. Siku hiyo karatasi mpya isipofika, mtu yumo ndani bila sheria. Karani hana mamlaka ya kuhukumu. Ataandika barua, kisha nyingine.

Likasi imewahi kuona hesabu ikirukwa. Januari 1960, mji ukiitwa bado Jadotville, aliletwa hapa Patrice Lumumba, aliyehukumiwa miezi 6 huko Stanleyville. Wajumbe wa Congo waliokutana Brussels kujadili uhuru wakamdai, na tarehe 25 akatolewa. Tangu alipokamatwa, tarehe 1 Novemba 1959, hata miezi 3 haikuwa imetimia.

Wengine hawadaiwi na mkutano wowote. Katika magereza mengi ya Congo mahabusu huwazidi waliohukumiwa. Hula vungule ileile, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na kungoja bukari, yaani ugali, ya ndugu. Lakini kazi ambayo Kanuni inamtaka mfungwa aifanye, ndani au nje ya gereza, ni ya mwenye hukumu. Robo nayo ni yake.

Sheria mpya ya magereza ilitoka Juni 2023. Lakini hata chini yake, faili likipotea kati ya parke na mahakama, karani aanze kuhesabu robo ya nini?