Je, Wajua? Mambo Madogo Yaliyookoa Watoto Wengi

Je, wajua kwamba watoto njiti waliwahi kuwekwa kwenye maonyesho, watu wakalipa kiingilio kuwatazama kama wanavyolipa kuona sarakasi? Je, wajua kwamba mmoja wa watu walioifundisha Amerika kujikinga na ndui alikuwa mtumwa kutoka Afrika? Na je, wajua kwamba wako wanawake walioona ni heri wajifungulie njiani kuliko kulazwa katika wodi ya madaktari wasomi?

Maswali kama haya huwafurahisha watoto wetu wanapotegana baada ya chakula cha jioni. Lakini sisi akina mama tukiyachunguza vizuri tutaona kwamba yanatuhusu hasa. Mara nyingi msaada mkubwa uliletwa na kitu kidogo, au na mtu asiyehesabiwa, na wenye elimu na vyeo wakachelewa kuupokea. Katika kule kuchelewa, ni mama na watoto waliokufa. Tumechagua habari nne za namna hiyo.

Vifaranga na watoto njiti

Mwishoni mwa miaka ya 1870 daktari mmoja wa uzazi wa Ufaransa, Stéphane Tarnier, alitembelea bustani ya wanyama mjini Paris. Huko akaona masanduku yenye joto ya kuangulia vifaranga. Akawaza: kama joto hili linamlinda kifaranga, kwa nini lisimlinde mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake? Mwaka 1881 masanduku ya namna hiyo yalianza kutumika katika hospitali ya wazazi mjini humo. Hapo ndipo ilipoanzia inkubeta tunayoiona hospitalini.

Hata hivyo, hospitali nyingi hazikuiona faida yake. Inkubeta zilikuwa ghali, na mtoto njiti alihesabiwa kuwa ni wa kufa tu. Ndipo akatokea mtu aitwaye Martin Couney. Mwaka 1896 alihusika na maonyesho ya inkubeta mjini Berlin, zikiwa na watoto hai ndani yake. Kuanzia mwaka 1903 aliweka maonyesho ya kudumu Coney Island, New York, katika viwanja vya starehe, jirani na bembea na michezo ya kila aina. Kiingilio kilikuwa senti 25. Fedha hizo ziliwalipa wauguzi na kugharimia matunzo, na wazazi hawakutozwa chochote. Muuguzi wake mmoja, Louise Recht, alikuwa na desturi ya kuvua pete yake na kuivisha kwenye mkono wa mtoto, ili watazamaji waone jinsi kiumbe huyo alivyo mdogo.

Wanahistoria hawajapata ushahidi kwamba Couney alihitimu udaktari. Tena, kuwafanya watoto wagonjwa kuwa maonyesho ni jambo ambalo leo tusingelikubali. Lakini inakadiriwa kwamba watoto wapatao 6,500 waliokolewa kwa njia hiyo. Alipofunga maonyesho mwaka 1943, hospitali zilikuwa zimeanza kufungua wodi zao za watoto njiti.

Habari haikuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Bogotá, Colombia, inkubeta hazikutosha. Watoto walilazwa wawili wawili katika sanduku moja wakaambukizana maradhi. Daktari Edgar Rey Sanabria akaamua kumweka mtoto kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, amefunikwa vizuri na kunyonyeshwa. Ndiyo huduma tunayoiita leo ya kangaruu.

Kwa miaka mingi wengi waliiona kuwa ni dawa ya maskini, ya kutumia pale tu inkubeta inapokosekana. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za nchi tano, nazo ni Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto waliopimwa walikuwa na uzito wa kilo 1 hadi kasoro kidogo ya kilo 1.8. Miongoni mwa wale waliosubiri kwanza hali zao zitulie kabla ya kuwekwa kifuani, walikufa karibu 16 katika kila 100. Miongoni mwa waliowekwa kifuani mapema mara baada ya kuzaliwa, walikufa 12. Kifua cha mama kimekuwapo tangu Hawa, na ilichukua miaka yote hiyo kukipa heshima yake.

Basi, mkwe wako au mdogo wako akijifungua mtoto njiti, usimwambie kwamba kumbeba mtoto kifuani ni kwa sababu hospitali haina vifaa. Mpikie uji, mfulie nguo, na mpokee mtoto kifuani mwako ili mama apate kuoga na kulala. Hata baba anaweza kumbeba. Joto lake ni lile lile.

Mtumwa, ng'ombe na mpishi

Ndui ulikuwa ugonjwa wa kutisha. Uliua, na uliowaacha hai uliwaachia makovu usoni, wengine ukawapofusha. Mwaka 1706 waumini wa kanisa moja mjini Boston walimpa mchungaji wao, Cotton Mather, zawadi ya mtumwa. Mchungaji alimpa jina la Onesimus, kwa kumkumbuka yule Onesimo wa barua ya Mtume Paulo kwa Filemoni. Inatuuma kusoma kwamba mtu aliweza kutolewa zawadi, tena kanisani.

Mchungaji alipomuuliza kama aliwahi kuugua ndui, Onesimus alimjibu kwamba ndiyo na hapana. Akaonyesha kovu mkononi. Akaeleza kwamba kwao Afrika ya Magharibi watu huchanjwa kidogo ngozi na kutiwa majimaji kutoka kwenye kipele cha mgonjwa. Aliyefanyiwa hivyo huugua kidogo tu, kisha ndui haumpati tena. Ndui ulipoingia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston alikubali kuijaribu njia hiyo. Watu wa mji walikasirika sana, na wengine walidharau kwamba elimu imetoka kwa Mwafrika. Lakini hesabu haikuficha kitu. Katika kila watu 100 walioupata ugonjwa kwa njia ya kawaida walikufa wapatao 14. Katika kila 100 waliochanjwa walikufa 2 hivi.

Njia hiyo ilikuwa bado na hatari. Mwaka 1796 daktari Edward Jenner wa Uingereza alipata iliyo salama zaidi. Wakamuaji wa maziwa walijulikana kwamba wakishaugua ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi, hawapatwi na ndui ya watu. Jenner alichukua majimaji kutoka mkononi mwa mkamuaji Sarah Nelmes, aliyeambukizwa na ng'ombe aitwaye Blossom, akamchanja mtoto wa miaka 8, James Phipps. Wazungu wakaipa chanjo jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe. Sisi tuliipa jina kutokana na kile tulichokiona kwa macho, yaani kuchanja ngozi.

Mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa pwani ya Afrika Mashariki. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, na aliugua Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, lakini alikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Kwa neema ya Mungu alipona. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui umetoweka duniani. Miaka ya baadaye Maalin alijitolea kuwahimiza wazazi wa Somalia wawapeleke watoto kuchanjwa dhidi ya polio, akiwasimulia yaliyompata yeye. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo.

Tunaposikia uvumi wa mtaani kuhusu chanjo za watoto wachanga, au ile ya mabinti zetu dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi, tumkumbuke mpishi huyo. Kuogopa si dhambi. Tuliulize lile linalotutia hofu kliniki, kisha mtoto achanjwe.

Wodi iliyoogopwa

Mjini Vienna, Austria, hospitali kuu ilikuwa na wodi mbili za kuzalisha. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Mwaka 1846 katika kila wanawake 100 waliojifungua katika wodi ya madaktari walikufa 11. Kwa wakunga hawakufika 3. Wanawake walizijua habari hizo. Walipiga magoti wakiomba wasipelekwe wodi ya kwanza, na wengine waliona afadhali wajifungulie barabarani.

Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, alitafuta sababu bila kuipata. Mwaka 1847 rafiki yake alijeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zile zile za wazazi wale. Ndipo akaelewa. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwapima wajawazito, mikono yao haijatakaswa. Akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwaka 1848 vifo katika wodi ile vilishuka hadi 1 na kidogo katika kila 100.

Je, alishangiliwa? La hasha. Wakubwa wengi walichukizwa na wazo kwamba mikono ya muungwana inaweza kuua. Alifariki mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 47, amefungiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa kidonda kilichoingia sumu mwilini. Sabuni iliyo kando ya choo chetu, na ile tunayomwekea mgeni anayekuja kumpakata mtoto mchanga, ina historia ya machozi.

Sukari guru na chumvi

Mwaka 1971 vita viliwakimbiza mamilioni ya watu kutoka nchi ambayo sasa ni Bangladesh kuingia India. Kipindupindu kikaingia kambini, na maji ya dripu yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis alichanganya sukari, chumvi na maji safi katika mapipa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe. Vifo vilishuka kutoka 30 hivi katika kila 100 hadi chini ya 4.

Siri yake ni hii. Mtu anapoharisha, utumbo huukataa maji na chumvi peke yake. Sukari ikiwamo, huifungulia chumvi mlango, na maji hufuata nyuma.

Baada ya vita, shirika la BRAC la Bangladesh liliwatuma wanawake kupita nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kupima konzi ya sukari guru na chumvi ya kubana kwa vidole vitatu. Kati ya mwaka 1980 na 1990 walifika nyumba zaidi ya milioni 12. Malipo yao yalitegemea jinsi mama aliyefundishwa alivyokumbuka somo, si idadi ya nyumba walizopita.

Je, sisi tunakumbuka? Iliyo bora ni pakiti ya ORS ya kituo cha afya au duka la dawa, ichanganywe kama ilivyoandikwa. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe visifure. Usizidishe chumvi, maana inaweza kumdhuru mtoto. Mnyweshe kidogo kidogo, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, na ulizia vidonge vya zinki kituoni. Akilegea, macho yakidumbukia, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au akitoa damu, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku ule ule.

Tukumbuke Naamani

Jemadari Naamani karibu akose uponyaji wake kwa sababu aliambiwa jambo dogo, kuoga mtoni. Alitaka jambo kubwa. Tena habari za nabii zilitoka kwa msichana mateka aliyemtumikia mke wake. Watumishi wasingalimsihi, angerudi kwao na ukoma wake.

Mungu wetu hadharau vitu vidogo. Tusidharau na sisi kifua cha mama, kadi ya kliniki, kipande cha sabuni, wala kijiko cha chumvi. Tusimdharau pia binti wa kazi anayetuambia kwamba mtoto hajakojoa tangu asubuhi. Huenda yeye ndiye aliyetumwa nyumbani mwetu siku hiyo.