Nasaba za Vyuma: Vipuri vya Magari ya Zamani Gerezani

Mwenye gari jipya huingia dukani, akataja jina la gari lake na mwaka, akalipa, akaenda zake. Ama mwenye gari lililoundwa mwaka 1965, yeye hana budi kuanza kwa kuuliza ni nani aliye hai anayelijua gari lile, na wapi anapatikana, na kama bado macho yake yanaona. Katika jiji la Dar es Salaam maswali hayo, hata yaanzie Upanga, Ilala au Temeke, aghalabu humfikisha mwulizaji Gerezani, kata ndogo iliyojibana baina ya Kariakoo na njia ya reli, ambako giaboksi zimepangwa barazani, milango ya magari imetundikwa ukutani, na ardhi yenyewe imekunywa oili kwa miaka mingi hata imegeuka nyeusi. Sehemu kubwa ya bidhaa za mahali hapo ni za Toyota na Nissan, na mwenye kuzihitaji hapati taabu. Makala hii inawahusu wale wachache waliorithi Land Rover ya babu, au waliotwaa Peugeot 404, Morris Minor au Volkswagen Beetle iliyokuwa imelala chini ya mwembe, wakaazimia kuitia uhai.

Katika nchi nyingine kazi hii ina siku yake maalumu. Huko Hershey, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, wapenzi wa magari ya kale hukusanyika mwezi wa Oktoba katika mkutano ulioanza 1955, na huko Beaulieu, kusini mwa Uingereza, wamekuwa na soko la namna hiyo tangu 1967. Kila muuzaji hutandaza mali yake uwanjani, na mnunuzi hupita safu baada ya safu, orodha mkononi. Sisi wa Afrika Mashariki hatukujaliwa siku kama hizo, bali tumejaliwa mitaa ya kila siku: Nairobi ina Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa kazi hawajaacha kuiita Grogan, Kampala ina soko la Kisekka, na Dar es Salaam ina Gerezani. Lakini iko tofauti iliyo kubwa kuliko hiyo. Muuzaji wa Hershey anajua alicho nacho, na bei yake imejengwa juu ya maarifa hayo. Muuzaji wa Gerezani, ambaye riziki yake ni Toyota, huenda amekalia kabureta ya Solex miaka kumi bila ya kujua ni ya gari gani, na kwa sababu hiyo mzigo wa maarifa humwangukia mnunuzi. Asiyekijua anachokitafuta kwa sura, kwa kipimo na kwa namba, atapita mbele yake mara saba asikione.

Ili kufahamu namna vyuma hivyo vilivyofika hapa, yafaa turudi nyuma kidogo. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa mtihani wa hadhara: gari lililohimili tope na makorongo lilipata sifa, na lililovunjika lilisahauliwa. Volkswagen ilijipatia jina katika miaka ya mwanzo, kisha ikaja zamu ya Peugeot 404, iliyoshinda 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Na katika ushindi wa 1966 na wa 1967 aliyeshika usukani alikuwa Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania. Haikuwa ajabu, basi, kwamba mkulima wa kahawa, daktari wa wilaya na mfanyabiashara wa mjini walilitamani gari lile lile.

Kisha ukaja wakati wa uchache. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilikula akiba ya fedha za kigeni, na petroli ikawa adimu hata magari ya binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri. Gari lililoharibika halikungoja kipuri kutoka kiwandani, maana hakikuja. Lilipata kipuri kutoka kwa gari jingine lililokufa, au kutoka katika mikono ya mkereza vyuma. Mafundi wa zama zile walijifunza kwa dhiki kitu ambacho hakikuandikwa katika kitabu chochote cha kiwanda, yaani kipi huingia mahali pa kipi. Milango ya biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na baadaye magari yaliyotumika Japani yakamiminika, yale ya zamani yalisukumwa nyuma ya nyumba, lakini maarifa hayo yalibaki vichwani mwa watu.

Msingi wa maarifa yenyewe ni kwamba vipuri vina nasaba, na nasaba hiyo haifuati jina lililobandikwa kwenye boneti. Viwanda vya magari havikuunda kila kitu. Vilinunua vyombo vya umeme kwa Lucas au Bosch, breki kwa Girling, kabureta kwa Solex, Zenith au SU, na wauzaji hao waliwauzia wote. Distribyuta ya Lucas ya aina ya 25D, mathalani, ilifungwa katika magari mengi ya Kiingereza, Land Rover likiwa mojawapo, hata mwenye kuhitaji kifuniko chake anaweza kukipata katika kasha lililoandikwa jina la gari asilolijua kabisa. Beringi ndizo zenye uwazi kuliko vyote, maana vipimo vyake vimekubaliwa duniani kote: iliyoandikwa 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje milimita 47 na unene wa milimita 14, iwe imetoka katika altaneta, katika pampu ya maji au katika mashine ya kufulia nguo. Kwa hiyo fundi mwerevu haendi kuulizia beringi ya Morris Minor, kwa kuwa atachekwa. Huisafisha ile ya zamani kwa mafuta ya taa, akaisoma namba, akaenda duka la beringi akarudi nayo kabla chai haijapoa. Oili sili nazo aghalabu huandikwa vipimo vyake usoni, na siri yake ni hiyo hiyo.

Iko nasaba nyingine, ya magari yaliyozaliwa mapema yakachelewa kukoma. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, Kombi ya mwisho ilitoka Brazil 2013, na pikapu ndogo ya Datsun 1200 iliendelea kuundwa Afrika Kusini, kwa jina la Nissan 1400, mpaka 2008. Mwenye magari ya koo hizo asikate tamaa upesi, kwani kipuri cha gari la 1972 huweza kupatikana kikiwa hakijawahi kufungwa popote. Morris Minor, iliyokoma 1971, haina jamaa wa namna hiyo. Mwenye nayo huishi kwa kuagiza Uingereza, na kwa subira.

Mahali nasaba hizi zinapodanganya ni kwenye hesi za bolti. Magari ya Kiingereza ya zamani yalitumia hesi za inchi, na baadhi yake zilifuata utaratibu wa Whitworth uliowekwa mwaka 1841, ambao pembe ya hesi yake ni digrii 55, ilhali hesi za milimita zina digrii 60. Bolti ya utaratibu mmoja huweza kupenya mizunguko miwili mitatu katika tundu la utaratibu mwingine, ikampa mwenye haraka matumaini ya uongo, kisha ikaila hesi ya silinda hedi ambayo haina badali katika jiji zima. Mzee wa kazi huijaribu kwa vidole kwanza, na ikigoma huiacha.

Kuhusu adabu ya kutafuta, jambo la kwanza ni sampuli. Maelezo ya mdomo hayafai kitu Gerezani. Mwenye kuleta chuma chenyewe, hata kiwe kimevunjika vipande viwili, amekwisha kufanya nusu ya kazi. Mara ashukapo katika basi la mwendokasi atapokewa na mawinga, vijana wasio na duka wala bidhaa, ambao kazi yao ni kumshika mteja mkono na kumpeleka kwa mwenye mali, wapate chao kati. Wako wanaowalaumu mawinga kwa kupandisha bei, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini kwa kipuri adimu mimi nawatetea, kwa kuwa winga mmoja hujua vibanda ambavyo mgeni hatavifikia kwa mwezi mzima, na picha ya sampuli ikiingia katika simu yake asubuhi, adhuhuri imekwisha kufika Shauri Moyo na Buguruni.

Na baada ya mawinga wote, bado yuko mzee mmoja anayekaa nyuma ya duka la mwanawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini?"

"Masta silinda ya breki, mzee wangu. Nimezunguka, kila mmoja ananiambia haipo."

Mzee huigeuza, huifuta kwa kidole, huinusa pengine. "Hii ya Land Rover fupi, ile ya taa za katikati. Haipo hapa. Niachie, upite Ijumaa baada ya sala."

Mwenye kuambiwa hivyo asiseme kwamba gari limewekwa juu ya mawe na harusi ya dada yake ni Jumamosi. Kipuri adimu hakina bei ya kudumu. Hupimwa kwa haja inayosomeka usoni mwa mnunuzi, na aliye na wasaa hununua rahisi kuliko aliye na fedha.

Hadaa nazo ziko, tena za kila namna. Chuma kilichochoka hupakwa rangi kikang'aa, kasha la zamani hutiwa kitu kipya cha ghushi, na silinda hedi yenye ufa hujazwa na kusuguliwa hata isionekane. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huigonga kwa spana na kuisikiliza, kwani chuma kizima hulia na chenye ufa hukwama. Lakini hadaa kubwa kuliko zote haifanywi na mtu, bali na wakati. Vitu vya mpira, kama mabomba ya rejeta, oili sili na vikombe vya breki, huzeeka ndani ya makasha yake bila ya kutumika, na anayefurahia kupata kikombe cha breki cha 1970 kilichofungwa vizuri katika karatasi yake amenunua ajali. Chuma kitafutwe cha zamani, mpira utafutwe wa jana.

Tena kuna mali ya wizi. Wenye magari wa Dar es Salaam wamezoea kuchora namba za gari juu ya vioo na taa, na uovu unaowafanya wachore unajulikana na kila mtu. Mwenye kutafuta taa ya gari la kale aitazame vizuri kwenye mwanga kabla ya kutoa fedha. Akiona alama zilizokwaruzwa na kufutwa, aiache, kwani kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na haimwondolei hatia kusema kwamba aliitafuta muda mrefu.

Kipuri kisipopatikana kabisa, kunabaki kukereza. Bushi, pini na shafti fupi hukerezwa mjini humu kwa ustadi ambao haupungui ule wa kiwanda, sharti mteja alete sampuli isiyolika kupita kiasi na asipunje ujira. Wengine huchukua njia ya mkato, wakatia injini ya dizeli ya Kijapani ndani ya Land Rover ya 1968. Wapenzi wa uhalisi huliona jambo hilo ni dhambi. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa gari linalotembea na injini ya kuazima ni bora kuliko lenye injini yake linalootewa na nyasi, na magari ya kutazamwa tu tunayo katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yakiwamo yaliyomchukua Mwalimu Nyerere. Illa injini ya asili iliyotolewa isitupwe. Mwezi wa Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na waliohudhuria walijionea idadi ya watu ambao siku moja wataihitaji.

Na hapa ndipo penye hatari ya kweli. Siku hizi chuma chakavu kina wanunuzi mpaka mlangoni, mkokoteni na mizani, na viwanda vya nondo havibagui: krankshafti ya Peugeot 404 huyeyushwa pamoja na bati la paa na kitanda kibovu. Anayeiuza hupata fedha ya kilo chache, na anayeihitaji huitafuta miaka mitatu. Ewe uliye na gari la marehemu baba nyuma ya nyumba, na umechoka kulitazama, usimwite mwenye mizani kwanza. Mwite fundi mzee akavue kabureta, distribyuta, taa, giaboksi na difu, uandike kila kimoja kimetoka katika gari gani na la mwaka gani, ndipo uuze bodi iliyobaki kwa kilo.