Klachi 'haishiki' au 'haiachii'? Somo la lugha kutoka gereji ya Msambweni

MWALIMU wa lugha huzoea kusahihisha wengine. Safari hii nilisahihishwa mimi, tena kando ya barabara, mikono yangu ikiwa imejaa grisi na pesa zangu zikiwa zimekwisha kwenda.

Nilikuwa nimetoka Likoni nikielekea Lunga Lunga kwa pikipiki kubwa ya safari ndefu, aina ambayo vijana wa bodaboda huiangalia mara mbili inapopita. Nilipofika Ukunda, kwenye njia panda ya kwenda Diani, msongamano ulinilazimu kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, jua la saa saba likiwa utosini. Ghafla wenzo wa klachi, ambao mafundi huuita leva, ukalegea mkononi kama ndizi iliyoiva. Nikaufinya mpaka ukagusa mpini. Injini ikazimika, gia ikiwa ingali imeingia. Nikaufinya tena, nikabonyeza stata. Pikipiki ikaruka mbele na nusura iparamie tuktuk ya watu.

Nikaisukuma hadi kwa fundi wa karibu, nikamweleza tatizo kwa sentensi niliyoiona kuwa fasaha kabisa: "Klachi haishiki, na pikipiki haiwaki." Fundi akaitikia kwa kichwa, akafungua ubavu wa injini, akaniuzia pleti mpya za klachi na kuzifunga. Alipomaliza, injini ilikuwa imepoa, wenzo umerudia ugumu wake kiasi, na pikipiki ikawaka. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka. Nilipokaribia Msambweni mambo yakawa yale yale: leva laini, injini imezimika, gia haitoki.

Msambweni nilimkuta fundi mtu mzima, ameketi chini ya mwembe. Nikamwamkia "Shikamoo mzee", akaitikia "Marahaba mwanangu." Nikarudia sentensi yangu ile ile. Hakugusa spana. Aliniuliza swali moja tu: "Haishiki nini? Ni wewe hushiki kitu mkononi, au ni pleti hazishikani huko ndani?"

Mpenzi msomaji, hilo ni swali la sarufi. Na laiti ningeulizwa Ukunda, ningebaki na pesa zangu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Klachi ni daraja baina ya injini na gia. Ndani yake mna pleti zilizobanwa pamoja na springi. Zikibanana, nguvu ya injini huenda kwenye gurudumu; ukifinya wenzo, pleti huachana na injini huzunguka peke yake. Katika pikipiki nyingi za bodaboda, kinachounganisha mkono wako na pleti hizo ni kebo ya chuma. Katika pikipiki nyingi kubwa kazi hiyo hufanywa na kiowevu. Ukifinya wenzo, pistoni ndogo iliyo kwenye mpini, ndani ya kile mafundi wanachokiita masta silinda, husukuma kiowevu ndani ya bomba jembamba. Kiowevu hicho nacho husukuma pistoni nyingine kule chini kwenye injini, na pistoni hiyo hutenganisha pleti. Hiyo ndiyo klachi ya haidroliki.

Mfumo huu hutegemea jambo moja la kifizikia: kiowevu hakikubali kusindikwa, bali hewa hukubali. Kukiwa na kiowevu kitupu bombani, kila unachosukuma mkononi hufika kwenye pleti. Pakiingia hewa, au kiowevu kikichemka na kutoa mvuke, mkono wako husindika mapovu, wenzo hulegea, na pleti hubaki zimebanana. Kiowevu aina ya DOT 4 kina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Kwa kipimo cha chini kinachotakiwa, kikiwa kipya huchemka kwenye nyuzi 230 za selsiasi. Kikishanyonya maji kadiri ya kipimo hicho, kiwango hushuka hadi nyuzi 155. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri kibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Changu kilikuwa kizee, nami nilikuwa kwenye joto la pwani na msongamano wa Ukunda. Kilichemka. Nilipopumzika kwa fundi wa kwanza, mvuke ulipoa ukarudi kuwa kiowevu, na sote wawili tukadhani pleti mpya zimetibu ugonjwa.

Sasa turejee kwenye lugha. Klachi ina magonjwa mawili makuu, nayo ni kinyume kabisa. La kwanza, pleti zimelika na haziwezi kubanana: unaongeza moto, injini inalia, lakini pikipiki haiendi. La pili, pleti zinakataa kuachana: unafinya wenzo lakini gia bado inavuta. Kwa Kiswahili cha kila siku, magonjwa yote mawili huweza kuitwa "klachi haishiki". Aliyefinya wenzo asipate kitu mkononi atasema haishiki. Aliyeongeza moto asiende popote atasema haishiki. Mmoja anazungumzia mkono wake, mwingine anazungumzia pleti. Fundi wa Ukunda hutengeneza bodaboda kutwa, pikipiki zinazobeba abiria watatu na magunia, ambazo huchosha pleti mapema. Aliposikia "haishiki", alisikia maana aliyoizoea. Hakukosea yeye, nilikosea mimi niliyempa kitenzi bila ya kumpa mtenda na mtendwa wake.

Kitenzi "shika" kwa asili kinahitaji pande mbili: anayeshika na kinachoshikwa. Tunaposema "haishiki" na kunyamaza, tumetaja upande mmoja na kuuacha wa pili uelee. Katika mazungumzo ya nyumbani hakuna hasara, kwa kuwa muktadha hujaza pengo. Katika gereji, pengo hilo hujazwa kwa spana.

Dawa aliyoitumia mzee wa Msambweni iko ndani ya Kiswahili chenyewe, wala haikuhitaji neno la kigeni. Ni kauli ya kutendana. Kiambishi "-an-" huwalazimisha watendaji wawili waonekane: shika huzaa shikana, acha huzaa achana. Ukisema "pleti hazishikani", hakuna awezaye kudhani unazungumzia kiganja chako. Ukisema "pleti haziachani", umetaja ugonjwa wa pili bila ya utata wowote. Kwa anayeogopa kutaja viungo vya ndani asivyoviona, ipo njia nyepesi zaidi: "klachi inateleza" kwa ugonjwa wa kwanza, na "klachi haiachii" kwa wa pili. Kisha ongeza alichokisikia mkono: leva ni laini, ama ni ngumu. Sentensi "leva ni laini na klachi haiachii" ingempeleka fundi yeyote kwenye kiowevu kabla hajagusa pleti.

Neno langu la pili, "haiwaki", nalo lilikuwa na makosa yake. Nikiwa Ukunda nilimpigia simu rafiki yangu anayezijua pikipiki. Akaniuliza, "Inawaka?" Nikajibu, "Ndiyo, inawaka," maana taa za dashibodi zilikuwa zinang'aa mbele yangu. Yeye aliuliza habari za injini, mimi nikajibu habari za taa. Tuliendelea kupotezana hivyo kwa dakika kadhaa, salio likiisha.

Kitenzi "waka" tulikirithi kutoka kwenye moto wa jikoni na taa ya utambi, tukakihamishia kwenye umeme, kisha kwenye injini. Uhamishaji wa namna hiyo si dosari. Watu wa pwani walikwishalitoa "usukani" kwenye chombo cha baharini wakalipeleka kwenye gari, na hakuna anayelalamika. Ila injini huamka kwa hatua, na kila hatua ina ugonjwa wake. Ukibonyeza stata na usisikie chochote, huenda fyuzi imekatika, au mojawapo ya swichi za usalama haijaridhika: ile ya stendi ya ubavuni au ile ya kwenye wenzo wa klachi. Ukisikia "tak" moja au "tak-tak-tak", mara nyingi betri imechoka au vichwa vyake vimelegea. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6. Stata ikizungusha injini vizuri lakini moto haushiki, tafuta petroli au plagi. Na stata ikizungusha pikipiki ikaruka, kama yangu, basi gia imeingia na klachi haiachii. Swichi ya kwenye wenzo hupima kama umefinya tu. Haijui kama pleti zimeachana. Ilinipa ruhusa ya kupiga stata kwa sababu nilifinya, ilhali huko chini hakuna kilichoachana.

Kwa hiyo, badala ya "haiwaki", sema kimojawapo: stata iko kimya, stata inagonga tu, stata inazungusha ila injini haishiki moto, au ikipigwa stata inaruka. Hayo si maneno ya kitaalamu. Ni Kiswahili cha kawaida, isipokuwa kimegawanywa sawasawa.

Neno la tatu ndilo linalonitia hofu zaidi, nalo ni "mafuta". Mzee alipofungua kikopo kidogo kilicho juu ya mpini, akakuta kiowevu cheusi kama kahawa, alinituma dukani. Nikauliza, "Ninunue mafuta ya breki?" Akasema, "Nunua DOT 4. Ukisema mafuta utaletewa mafuta." Kwetu neno "mafuta" ni petroli, ni dizeli, ni ya kupikia, ni ya kujipaka, ni ya injini. Kiowevu cha breki aina ya DOT 3 au DOT 4 kimeundwa kwa glikoli; si mafuta kamwe, na huchanganyika na maji. Ukikosea ukatia mafuta ya injini mahali pake, raba za ndani huvimba na mfumo huharibika. Kwenye klachi utakwama njiani. Kwenye breki unaweza kupoteza uhai, wako na wa abiria wako.

Na hatari hiyo ina upande wa pili. Zipo pikipiki, zikiwemo baadhi za KTM na BMW, ambazo klachi yake imetengenezwa kutumia mafuta ya madini. Hizo ukizitia DOT 4, raba zake ndizo zitakazoharibika. Kwa hivyo kanuni haiwezi kuwa "klachi hutiwa kiowevu cha breki". Kanuni ni kusoma kifuniko cha kikopo au kitabu cha pikipiki, na kulitaja jina lililoandikwa hapo kama lilivyo.

Hapa pana funzo kwetu sisi tunaojiita walinzi wa lugha. Mafundi wengi husema "mafuta" kwa petroli, "oili" kwa mafuta ya injini, na "fluidi" kwa kiowevu cha breki. Tunawacheka kwa kuchanganya ndimi, kisha tunawaandikia wanafunzi "mafuta ya breki". Katika jambo hili lugha ya gereji imetofautisha vitu vitatu, ya darasani ikavirundika pamoja. "Kiowevu cha breki" lipo na ni zuri, lakini halijafika chini ya mwembe wa Msambweni. Mpaka lifike, sitamsahihisha fundi anayesema "fluidi", kwa kuwa usahihi wake unalinda maisha ya watu.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko maelezo yangu. Mzee alichomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye skrubu ya kutolea hewa, upande wa pili akautumbukiza kwenye chupa yenye DOT 4 kidogo. Mimi nikakaa kwenye leva. Kabla ya kuanza, tulikubaliana maneno: "Finya" ni kufinya mpaka mwisho, "Shika" ni kubaki hapo hapo, "Achia" ni kuachia polepole. Yeye hulegeza skrubu nikiwa nimeshika, mapovu yakatoka, akaikaza, ndipo akasema niachie. Nikiachia kabla hajaikaza, hewa hurudi ndani na kazi yote huanza upya. Kikopo kikipungua anaongeza, kwani kikikauka kitavuta hewa. "Finya. Shika. Achia." Baada ya kurudia mara nyingi, wenzo ukawa mgumu, na kiowevu kilichotoka kikawa safi.

Zingatia kwamba "shika" lile lile lililonipoteza Ukunda lilifanya kazi bila kosa Msambweni, kwa sababu tulikuwa tumepatana nani anashika nini. Istilahi ndivyo zinavyoanza: watu wawili wenye kazi moja wanapatana maana kabla ya kugusa chombo. Kamati na kamusi huja baadaye kuandika mapatano hayo, na zikichelewa sana hukuta watu wamekwishapatana kwa maneno mengine.

Nilipomuuliza mzee ujira wake, alitaja kiasi kidogo kuliko bei ya pleti nilizobadilishiwa bila sababu. Pleti za zamani ninazo bado. Alizigeuza mkononi, akazipima kwa ukucha, akanirudishia: "Hizi zilikuwa zashikana vizuri, mwanangu. Ziweke."